Lipu ikibanduka: namna ya kuivua na kutia kiraka ukuta wa nyumba kabla ya mvua

Mvua zikishakatika na jua la kiangazi kuwaka, kuta za nyumba nyingi hapa Ipuli na vijiji vya jirani huanza kueleza yaliyozipata. Lipu imevimba chini ya dirisha. Kipande cha upana wa sinia kimedondoka karibu na mlango. Sehemu ya chini ya ukuta, kimo cha goti, imelika kama vile panya wameitafuna.

Swali ambalo wasikilizaji hutuletea ni hili: "Nimeshaziba mara mbili kwa saruji, mbona bado inabanduka?"

Jibu fupi tunalitanguliza, kisha tutaeleza hatua kwa hatua. Lipu haibanduki bila sababu, na mara nyingi sababu hiyo ni maji. Kiraka kitakaa ikiwa umeyazuia maji kwanza, na ikiwa umekitengeneza kwa kitu kinachopatana na ukuta wenyewe. Ukuta wa udongo hutaka kiraka cha udongo. Ukuta wa matofali ya kuchoma au ya saruji ndio unaotaka saruji. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunaongeza kwamba hata ukiuziba kwa kitu kisichofaa, ukuta utaujenga vilevile.

Lipu ni koti, siyo mwili

Lipu, ambayo wengine huiita plasta, ni koti la ukuta. Haibebi paa wala haishikilii nyumba. Kazi yake ni kupokea mvua, upepo na mikwaruzo ili ukuta wenyewe usidhurike. Koti huchakaa, na likichakaa hushonwa au kubadilishwa.

Wazee wa nchi hii walilijua jambo hilo. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe, na nyumba kubwa za njia hiyo zilikuwa matembe: nyumba za kuta nene za udongo na paa la bapa lililofunikwa udongo pia. Tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ndilo linalojulikana zaidi, kwa sababu David Livingstone alikaa hapo mwaka 1872, kwanza akiwa na Henry Morton Stanley, kisha akiwasubiri wapagazi mpaka Agosti mwaka huo. Nyumba ya namna hiyo ilidumu kwa sababu ilirudiwa. Palipolika palikandikwa upya kwa udongo uleule.

Utaratibu huo upo hata kwingine Afrika. Msikiti mkuu wa Djenné, nchini Mali, ni jengo la udongo lililojengwa mwaka 1907, na wakazi wa mji hukusanyika kila mwaka kuupaka upya. Kurudia kupaka ni matunzo ya kawaida ya nyumba ya udongo, kama vile kufagia ua.

Kilichobadilika kwetu ni paa na saruji. Paa la bati halivuji kama la udongo, lakini hukusanya maji yote na kuyamwaga kwa kasi pale ukingo wake unapoishia. Ukingo ukiwa mfupi, maji huangukia mguuni pa ukuta, yakaruka na kuupiga. Saruji nayo ni ngumu na haipitishi unyevu kwa urahisi. Ukiivalisha juu ya ukuta wa udongo, ni kama kumvalisha mtu koti la mpira wakati wa joto: jasho hukosa pa kutokea.

Kwa nini lipu hubanduka

Unyevu kutoka chini. Ukuta usio na msingi mzuri huvuta maji ya ardhini kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta ya taa. Alama yake ni unyevu au unga mweupe wa chumvi kwenye nusu mita ya chini.

Maji ya kuruka. Matone ya bati hupiga ardhi na kurusha matope ukutani. Alama yake ni mstari wa madoa mekundu kuzunguka nyumba.

Maji kutoka juu. Bati lenye tundu la msumari au lililopeperushwa kidogo hupitisha maji kichwani mwa ukuta. Alama yake ni michirizi inayoshuka kutoka darini.

Saruji juu ya udongo. Udongo ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa. Saruji haiwezi kufuata mwendo huo, hivyo hupasuka. Maji huingia kwenye ufa na kukosa njia ya kutoka, na nyuma yake udongo unageuka tope. Ukigonga utasikia mlio wa debe tupu. Lipu inaweza kuonekana nzima huku ukuta wa ndani umeshalika.

Mchwa. Hupita nyuma ya lipu wakitafuta miti na fito. Alama yake ni vijia vya udongo na lipu inayobonyea ukiigusa.

Kazi mbaya. Ukuta uliokuwa mkavu au wenye vumbi wakati wa kupakwa, au mchanganyiko wenye saruji nyingi mno, huachia lipu mapema.

Kabla ya kugusa nyundo

Ukuta unaweza kuwa umeshaharibika kiasi kwamba lipu ndiyo inayokuzuia kuuona. Kuibomoa bila kuangalia ni hatari. Zunguka nyumba ndani na nje, ukaangalie mambo haya:

1. Je, ukuta umeinama au umetoka tumbo? Ning'iniza jiwe kwenye uzi kutoka juu, utaona.
2. Je, kuna ufa unaoingiza kidole, na unaonekana ndani na nje?
3. Je, mlango au dirisha lililokuwa likifunga vizuri sasa linakwama?
4. Je, sehemu ya chini imelika kufikia theluthi ya unene wa ukuta?

Ikiwa jibu ni ndiyo hata kwa moja, usianze kuvua lipu peke yako. Hamisha vitanda vya watoto na wazee kutoka upande huo, kisha mwite fundi wa kujenga mwenye uzoefu ili ukuta utegemezwe kwa miti kabla ya kazi. Ukuta wa udongo uliolika mguuni unaweza kuanguka usiku wa mvua kubwa, watu wakiwa wamelala. Hilo ni jambo la uhai, haliwezi kusubiri mavuno yauzwe.

Kama nyumba ina umeme, zima swichi kuu kabla ya kuchokonoa ukuta wenye nyaya.

Ujue ukuta wako

Pale lipu ilipodondoka, kwaruza ukuta kwa msumari. Ukichimbika kwa urahisi na kutoa unga, mwagia maji kidogo. Kama unga huo unageuka tope, ukuta wako ni wa udongo, yaani matofali mabichi au fito na udongo. Kama msumari unateleza au unaacha mstari mwembamba tu, na maji hayalainishi kitu, ni matofali ya kuchoma au ya saruji.

Kuna nyumba zenye mchanganyiko: matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa tope. Hizo uziangalie zaidi kwenye maungio, maana tofali linaweza kuwa zima huku tope la katikati limeoshwa.

Kuvua lipu iliyokufa

Andaa nyundo ndogo, tindo, mwiko, brashi ngumu na ndoo ya maji. Funga kitambaa puani na vaa viatu vya kufunika miguu.

Kwanza, gonga ukuta kwa mpini wa nyundo. Mlio mzito maana yake lipu imeshika. Mlio wa utupu maana yake imeachia. Chora mpaka wa sehemu iliyoachia kwa mkaa, na ongeza upana wa viganja viwili kila upande.

Pili, kata kwenye mstari huo kwa tindo, taratibu, ukiishika iende wima kuingia kwenye lipu. Ukingo ulionyooka hushika kiraka. Ukingo mwembamba kama ukoko hubanduka tena.

Tatu, anza kuvua katikati ya sehemu iliyoachia ukielekea kwenye mpaka. Simama pembeni, usisimame chini yake. Kwenye ukuta wa udongo usipige kwa nguvu. Ingiza mwiko nyuma ya lipu uibandue. Palipo pagumu kubanduka, paache. Lipu iliyoshika haina kosa.

Nne, kama uharibifu uko mguuni pa ukuta, vua mita moja tu kwa wakati, uzibe, kisha uende nyingine. Usiuache upande mzima wazi.

Nyuma ya lipu iliyoachia hukaa nge, na mara nyingine nyoka. Tumia kijiti, usiingize mkono. Nyufa za kuta na sakafu za udongo pia ni makazi ya papasi, wadudu wanaotoka usiku kuuma watu na wanaoweza kueneza homa ya papasi. Homa hiyo hupanda, hupoa, kisha hurudi tena, na ni ya hatari zaidi kwa mjamzito na mtoto mchanga. Mtu wa nyumba hiyo akipata homa ya namna hiyo aende kituo cha afya na aeleze kwamba analala kwenye nyumba ya udongo. Kuziba nyufa ni sehemu ya kinga.

Ukimaliza kuvua, piga brashi uondoe vumbi lote, kisha acha ukuta ukauke. Ukuta uliolowa sana unahitaji wiki mbili au zaidi za jua. Hapa ndipo wengi huharaka, na kiraka kinachopakwa juu ya unyevu hurithi ugonjwa uleule.

Lipu ya udongo uliyoivua usiitupe. Iloweke, itatumika tena. Vipande vya saruji usivichanganye humo. Vijaze kwenye mashimo ya njia.

Kiraka cha ukuta wa udongo

Udongo mzuri una mfinyanzi wa kushika na mchanga wa kuzuia nyufa. Udongo wa kichuguu unafaa kwa kuwa una mfinyanzi wa kutosha. Udongo mweusi wa mbugani, unaolimwa mpunga, usiutumie: huvimba sana ukilowa na kupasuka vipande ukikauka. Udongo wa juu wa shamba nao haufai kwa sababu una mboji.

Pima hivi. Lowesha udongo kidogo, uviringishe kwenye viganja uwe kama kamba yenye unene wa kidole. Ukikatika kabla ya kufika urefu wa kidole, una mchanga mwingi. Ukirefuka sana bila kukatika na kung'ang'ania mikono, una mfinyanzi mwingi na unahitaji mchanga.

Kipimo cha kuanzia ni ndoo 1 ya udongo wa kichuguu kwa ndoo 2 au 3 za mchanga, na nyasi kavu au makapi ya mpunga yaliyokatwa mafupi, kama nusu ndoo. Changanya na maji, kanyaga kwa miguu, funika, acha iloweke kwa siku kadhaa hadi wiki moja, huku ukiikanyaga tena. Nyasi zikianza kulainika, tope hunata zaidi. Samadi mbichi ya ng'ombe kidogo huongeza ushikaji na kupunguza kulowa haraka.

Kabla ya kazi, paka vipande vitatu vya majaribio mahali pasipoonekana, kila kimoja na kiasi chake cha mchanga. Subiri vikauke. Kilichopasuka kilikosa mchanga. Kinachotoa unga ukikisugua kilizidiwa mchanga. Kilichobaki kizima ndicho kipimo chako.

Sasa fuata hatua hizi:

1. Nyunyizia ukuta maji uwe na unyevunyevu, usitiririke. Ukuta mkavu hunyonya maji ya kiraka na kukiua.
2. Paka uji mwembamba wa udongo kwa brashi. Huo ndio gundi.
3. Mashimo yenye kina yajaze kwanza kwa vipande vya tofali bichi na tope. Usijaze shimo kubwa kwa tope tupu, litasinyaa na kupasuka.
4. Rusha tope kwa nguvu ukutani, kisha lisambaze kwa mwiko. Unene uwe sentimita 1 hadi moja na nusu. Chora mikwaruzo juu yake likiwa bado bichi.
5. Likikauka, lowesha tena na paka tabaka la pili, jembamba, lenye mchanga laini. Sawazisha kwa kimbao.
6. Funika kwa magunia au turubai dhidi ya jua kali kwa siku mbili tatu. Kukauka polepole huzuia nyufa.

Juu yake paka chokaa. Chokaa hupendezesha na huacha ukuta upumue. Rangi ya mafuta itakurudisha kwenye shida ya koti la mpira. Unapochanganya chokaa, linda macho. Ikiingia, osha kwa maji mengi mara moja na uende kituo cha afya.

Wapo wanaopigilia waya wa kuku kwenye ukuta wa udongo na kupaka saruji juu. Waya unashika lipu, hauzuii maji. Lipu itachelewa kuanguka, lakini udongo wa nyuma utaendelea kulika bila wewe kuona, na siku ikianguka itaondoka na sehemu ya ukuta.

Je, kama nyumba yako ya udongo ina lipu ya saruji ambayo juu bado imeshika? Iache hapo juu. Vua ya chini iliyoachia, ziba kwa udongo, kisha paka chokaa upande wote ili rangi ifanane. Mwaka hadi mwaka, kila inapoachia, badilisha kwa udongo.

Kiraka cha matofali ya kuchoma au ya saruji

Hapa saruji ina nafasi yake. Chokoa maungio yaliyolegea kwa kina cha sentimita moja au mbili, safisha na lowesha. Changanya ndoo 1 ya saruji na ndoo 5 za mchanga safi uliochekechwa. Mchanga wenye udongo huharibu kazi. Changanya vikavu kwanza hadi rangi iwe moja, ndipo utie maji kidogo kidogo.

Changanya kiasi utakachokimaliza ndani ya saa moja. Saruji iliyoanza kukaza usiirudishie maji. Rusha, sambaza kwa unene wa sentimita moja na nusu, sawazisha na ubao ulionyooka ukiegemea lipu ya zamani pande zote, kisha maliza kwa kimbao. Kiraka kikiwa kinene zaidi, paka kwa awamu mbili.

Kuanzia kesho yake, mwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7. Saruji hukomaa kwa maji. Ikikaushwa na jua inakuwa unga. Vaa glavu, kwa sababu saruji mbichi huunguza ngozi.

Yazuie maji, la sivyo umetwanga maji kwenye kinu

Kazi hii ifanyike pamoja na kiraka, na sehemu kubwa yake haihitaji fedha.

Angalia paa kwanza. Ziba matundu ya misumari. Ukingo wa bati unapaswa kutoka nje ya ukuta kama sentimita 60. Ukiwa mfupi, unapoezeka upya urefushe. Gata ikiwezekana iwekwe, hata upande mmoja unaopigwa zaidi, na maji yaende kwenye pipa.

Kisha angalia mguuni. Ondoa udongo, kuni na takataka zilizoegemezwa ukutani. Shindilia ardhi kuzunguka nyumba iteremke kwenda nje, sentimita 3 kwa kila mita, na chimba mfereji mdogo unaopeleka maji mbali. Pale matone yanapoangukia, mwaga kokoto au vipande vya matofali ili maji yasiruke. Maji ya bafu na ya kuosha vyombo yasimwagwe karibu na ukuta.

Ukijenga kibaraza cha saruji, kiteremke kwenda nje. Kibaraza kinachoteremkia ukutani ni bakuli la kuulowesha msingi.

Kalenda ya kazi

Katika mkoa wa Tabora mvua kwa kawaida huanza Novemba na kuisha Aprili. Gawa kazi hivi:

Mei: zunguka nyumba wakati madoa ya mvua bado yanaonekana. Weka alama kwa mkaa.

Juni na Julai: vua lipu, acha ukuta ukauke, loweka udongo. Wakulima wa tumbaku mnaweza kutumia tope hilohilo kuziba nyufa za mabani kabla ya msimu mwingine wa kukausha.

Agosti na Septemba: paka viraka na chokaa.

Oktoba: maliza paa na mifereji. Usipake udongo mpya wiki ambayo mawingu yameshaanza kujikusanya.

Ukiacha chokaa, kiraka cha udongo hakihitaji kitu cha dukani. Kinahitaji mikono na siku. Familia ya watu wanne inaweza kumaliza upande mmoja wa nyumba kwa siku chache za kazi, ukiondoa siku za kusubiri. Udongo utadai tena mkono wako mwakani, kidogo kidogo, mahali palepale mvua inapopiga. Saruji juu ya udongo huonekana haikudai kitu kwa miaka miwili mitatu, kisha inadai ukuta mzima.

Mvua ya kwanza ya Novemba ikinyesha, toka nje ikiwa bado inaendelea, kama hakuna radi. Tazama maji ya bati yanaangukia wapi, yanaelekea wapi, na kama yanaugusa ukuta. Utakachokiona hapo ndicho cha kurekebisha kesho yake asubuhi.